Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa LATRA: tupimieni umeme upande wa nje wa uzio wa SGR

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini.

YAH: KUPIMWA KWA UMEME UPANDE WA NJE WA UZIO WA RELI YA SGR

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa zaidi ya miaka thelathini nimeandika barua zenye mwanzo huo, nyingi zikiomba vikombe (vile vya nguzoni vinavyoshika waya na kuzuia umeme usishuke), nyaya na gari la kupeleka mafundi porini. Hii ni ya kwanza kuiandika hadharani. Mimi ni fundi umeme mstaafu, naishi mkoani Morogoro, na usiku mtaa ukitulia naisikia Mchongoko, treni ya SGR, ikipita.

Naomba nieleweke mapema: naipenda reli hii ya kisasa ya umeme. Safari za Dar es Salaam hadi Morogoro zilipoanza tarehe 14 Juni 2024, nilikuwa mmoja wa wazee waliopanda bila ya kuwa na shughuli yoyote Dar. Nilikwenda, nikanywa maji ya madafu, nikarudi. Dodoma ilipofunguliwa tarehe 25 Julai nilifanya vilevile, ila huko nilikunywa chai. Kwa hiyo barua hii si ya mtu anayetafuta kasoro kwenye kitu kizuri.

Kilichonishikisha kalamu ni mazungumzo ya kijiweni. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa akiwaeleza wenzake habari za reli, akamalizia kwa uhakika kabisa: "Umeme wa SGR uko juu kwenye waya. Hujashika waya, haukugusi." Wote wakaafiki. Nilitaka kumjibu, nikakuta jibu langu ni refu kuliko kikombe cha kahawa. Nimeona nilimalizie kwako, maana wewe una mamlaka ya kuligeuza jibu liwe utaratibu.

Waya ule wa juu una kilovolti 25, yaani volti 25,000, zaidi ya mara mia moja ya umeme wa nyumbani. Hilo wengi wamelisikia. Wasiloulizana ni kwamba umeme ukishaingia kwenye treni unakwenda wapi. Umeme hauishii kwenye treni kama maji yanavyoishia kwenye ndoo. Lazima urudi ulikotoka, kwenye kituo cha kupozea umeme, ndipo mzunguko ukamilike. Na njia yake ya kurudi ni reli zenyewe, zile mbili zinazokanyagwa na magurudumu, pamoja na nyaya za kurudishia zinazopita kwenye nguzo. Treni inayotumia megawati 5 kwenye kilovolti 25 inachukua takribani ampea 200. Hizo ampea 200 zinarudi chini, miguuni petu, na reli imelala juu ya mataruma, kokoto na udongo. Sehemu yake inateremka ardhini na kurudi kituoni kwa njia inazozijua yenyewe: udongo wenye unyevu, bomba la maji, waya wa uzio, chochote kinachopitisha.

Wahandisi wamelijua jambo hili tangu reli za umeme zilipokuwa changa. Miji ya Marekani ilipoweka tramu za umeme, yaani treni ndogo za barabarani, mwishoni mwa karne ya 19, simu za wakati ule zilitumia waya mmoja, ardhi ikiwa ndiyo njia ya kurudia. Tramu ikipita, simu zinanguruma. Makampuni ya simu yakaenda mahakamani, na mwishowe yakalazimika kutumia nyaya mbili kwa kila simu. Kwenye miaka ya 1890 ikaonekana pia mabomba ya maji yaliyofukiwa karibu na njia za tramu yanalika haraka, kwa sababu umeme wa moja kwa moja uliokuwa ukichepuka kutoka kwenye reli ulikuwa unaondoka na chuma chake kidogo kidogo. Wetu ni umeme wa kupishana, unaogeuza mwelekeo kila mara, wa mizunguko 50 kwa sekunde, haulagi bomba kwa kasi ile, lakini una tabia yake nyingine nitakayoifikia.

Kwanza nizungumzie ndege.

Siku chache baada ya treni za Dodoma kuanza, Shirika la Reli lilitoa taarifa kuhusu kusimama kwa treni, likataja ngedere na bundi. Mitandaoni watu walicheka wiki nzima. Wengine wakasema ni kisingizio, wengine wakaingiza ushirikina, maana bundi kwetu hana jina zuri. Mimi sikucheka. Fundi yeyote wa laini ameshaokota bundi chini ya nguzo. Njiwa anatua kwenye waya wenye umeme, anajikuna, anaruka zake, kwa sababu miguu yake yote miwili iko kwenye waya mmoja na hakuna tofauti ya volti kati ya mguu na mguu. Bundi ana mabawa mapana. Anatua kwenye mkono wa nguzo, ambao umeungwa na ardhi, anakunjua bawa, ncha inagusa waya. Hapo amekuwa daraja kati ya volti 25,000 na sifuri. Anakufa, shoti inapigwa, swichi kubwa kituoni inakata, treni inasimama. Ngedere naye ni vivyo hivyo, ila mkia unamwongezea urefu.

Ukimwelewa bundi umeelewa usalama wote wa reli ya umeme. Kinachoua ni tofauti ya volti kati ya sehemu mbili za mwili: mkono na mguu, mguu na mguu, au bawa na kucha. Ndiyo maana kwenye stesheni zilizojengwa vizuri kila chuma cha karibu na njia, paa, nguzo ya taa, reling'i ya ngazi, huungwa kwa waya na mfumo wa ardhi wa reli. Hitilafu ikitokea, vyote vinapanda volti pamoja na kushuka pamoja, na abiria aliyeegemea reling'i anakuwa kama njiwa.

Kuna kanuni ya kimataifa inayosema volti kiasi gani zinavumilika. Ulaya wanaiita EN 50122, na dunia imeichukua kwa namba IEC 62128. Kwa umeme kama wa SGR, chuma ambacho mtu anaweza kukigusa wakati treni zinatembea kama kawaida, kwa muda mrefu, hakitakiwi kuzidi volti 60. Kwenye karakana, ambako fundi anashinda akishikashika vyuma, kikomo ni volti 25. Wakati wa hitilafu, volti kubwa zaidi zinaruhusiwa kwa sehemu ya sekunde tu, na kadiri swichi inavyokata haraka ndivyo kikomo kinavyopanda, kwa sababu moyo wa mtu unahitaji muda fulani ili uvurugike. Ni kanuni nzuri, imeandikwa na watu waliozika wenzao. Ombi langu kwako linaanzia kwenye hizo volti 60.

Nikupeleke nyuma kidogo. Kwenye miaka ya tisini nilikuwa kibarua wa kampuni moja ya ukandarasi, tukivuta laini ya kilovolti 33 kandokando ya laini kubwa iliyokuwa na umeme. Laini yetu ilikuwa mpya, haijaungwa popote. Mwanzo wake ulikuwa umening'inia hewani na mwisho wake pia. Asubuhi moja, mvua imenyesha usiku, mwenzangu mmoja alikwenda kushika ncha ya waya ili aufunge kwenye kikombe. Akarushwa. Hakufa, lakini mkono wake wa kulia haukurudi kuwa mkono wa fundi. Msimamizi alisimama pale akirudia neno moja: "Haiwezekani, haijaungwa popote."

Inawezekana. Waya mrefu unaokwenda sambamba na waya mwingine wenye umeme wa kupishana unaokota umeme bila kuguswa, kama harufu ya samaki inavyohamia kwenye mkate uliowekwa kapu moja. Njia yake mojawapo ni ile ya transfoma: koili mbili hazigusani, na bado umeme unavuka. Ukiweka reli ya umeme hapa, na seng'enge ya shamba kule ikienda nayo sambamba kilomita moja, mbili, umetengeneza transfoma bila kukusudia. Volti inaongezeka kadiri urefu wa usambamba unavyoongezeka, kadiri ampea zinavyoongezeka, na kadiri umbali kati yao unavyopungua. Aina ya udongo nayo ina neno lake, maana mahali ambapo ardhi ni kavu na yenye mawe umeme wa kurudi unatawanyika mbali zaidi, na usumbufu nao unafika mbali.

Dawa yake inajulikana na haina gharama ya kutisha. Mashirika ya reli yenyewe hupunguza tatizo kwa kuweka waya wa kurudishia juu kwenye nguzo, karibu na ule wa kwendea, ili nguvu ya mmoja ifute ya mwenzake. Wajapani walifunga transfoma maalumu za kuufyonza umeme kutoka ardhini kwenye Shinkansen yao ya mwaka 1964. Kwa upande wa nje, seng'enge ndefu hukatwa vipande kwa kuweka kipande kisichopitisha umeme kila baada ya umbali fulani, na kila kipande hupewa waya wa ardhi. Fundi mmoja na kijana wake wanamaliza kilomita kwa siku.

Lakini ili dawa itolewe, lazima mtu apime. Hapa ndipo penye barua yangu.

Ndani ya uzio kuna wataalamu, vifaa na vitabu. Nje ya uzio kuna sisi. Kuna mkulima wa Ngerengere mwenye seng'enge. Kuna shule yenye paa la bati na mlingoti wa chuma wa bendera. Kuna mfugaji wa Mkata anayepitisha ng'ombe mia mbili kwenye kivuko cha chini. Kuna bomba la maji la kijiji linalokwenda sambamba na njia kabla ya kupinda kwenda kwenye kisima. Kuna reli ya zamani, ile ya Wajerumani iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ambayo kwa sehemu kubwa ya safari inakwenda jirani na hii mpya, na ina wafanyakazi wake wanaoinama kushika chuma kila siku. Mmoja wa hawa akishika chuma akahisi kuwashwa vidole, aende wapi?

Nimelizungusha swali hili kichwani kama mtu anayetafuta ofisi kwenye jengo lisilo na vibao. Aende EWURA, kwa sababu ni umeme? EWURA inadhibiti umeme unaouzwa, na huu haujauzwa, umeokotwa. Aende TANESCO? Watamwambia mita yake haina tatizo. Aende TCRA kwa sababu redio yake inakwaruza? Aende kwa mwenyekiti wa mtaa? Mwenyekiti atamshauri asishike tena. Kwa maoni yangu mlango ni mmoja, nao ni wako. LATRA iliundwa mwaka 2019 ili isimamie usafiri wa ardhini, reli ikiwemo, na usalama wa reli hauishii mahali uzio ulipochimbiwa.

Ninachoomba ni hiki: mamlaka yako imtake mwendeshaji wa reli apime volti za kugusika upande wa nje wa uzio, kwenye vyuma vya watu, kwa ratiba inayojulikana, na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi ya kijiji husika. Kama vipimo hivyo tayari vimefanyika na viko kwenye faili, kazi imekuwa nyepesi zaidi, vitoleeni nakala. Mkulima hahitaji kujua nadharia ya transfoma. Anahitaji karatasi inayosema: seng'enge ya fulani, tarehe fulani, treni mbili zikipita, volti 8, kikomo 60. Akiona hivyo atalala. Na siku ikiandikwa 70, atajua ana haki ya kudai aje fundi na waya wa ardhi.

Pamoja na karatasi, iwepo namba moja ya simu, iandikwe kwenye uzio, na anayeipokea awe na wajibu wa kumtuma mtu mwenye mita ndani ya siku zilizotajwa. Nasisitiza mita. Malalamiko ya umeme yakijibiwa kwa maneno matupu huzaa uvumi, na uvumi kuhusu umeme nimeuona ukivunja vikombe kwa mawe.

Sasa niseme jambo ambalo wenzangu wa zamani hawatalipenda. Mabango mengi ya tahadhari, hapa na kwingineko, humtisha mtu bila kumfundisha. Picha ya fuvu, neno HATARI, basi. Wengine huongeza kwamba umeme huu "unaruka mita tatu". Hauruki mita tatu. Hewa kavu inazuia kilovolti 25 kwa sentimita chache, na wahandisi wanapopima nafasi kati ya waya na ukuta wa daraja wanatosheka na sentimita 27 hivi. Mita tatu ni umbali wa kumlinda mtu dhidi ya mambo asiyoyapangia: mkono unaoteleza, fito la kuangulia maembe, bati linalopeperushwa, kishada cha mtoto chenye utepe wa kung'aa. Ukimwambia kijana unaruka mita tatu, halafu akasimama mita mbili na nusu asidhurike, atakuona mwongo, na siku inayofuata atapanda juu ya behewa lililoegeshwa apige picha. Vijana Ujerumani na Uingereza wamekufa hivyo hasa, juu ya mabehewa yaliyosimama, bila kugusa waya. Walipanda tu, wakainuka, kichwa kikaingia ndani ya zile sentimita. Sisi tumekulia kwenye reli ya dizeli ambako kukaa juu ya behewa kulikuwa ujanja wa kukwepa nauli. Watoto wetu wafundishwe tofauti hiyo kwa maneno ya kweli.

Kuna na somo la waya uliokatika. Bonde la Kilosa hadi Gulwe halijawahi kuipa reli amani. Mto Mkondoa umeibomoa njia ya zamani mara ngapi hata wazee wa reli hupoteza hesabu. Siku nguzo ikiinama kwa mafuriko na waya ukalala chini, swichi za kituoni zinatakiwa kukata mara moja, na kwa kawaida zitakata. Ila mwanakijiji asiweke maisha yake kwenye kawaida. Waya ulio chini ukiwa bado hai, ardhi yenyewe inakuwa na volti, kubwa pale waya ulipogusa na ndogo kadiri unavyokwenda mbali. Mtu akipiga hatua ndefu, mguu mmoja uko kwenye volti nyingi na mwingine kwenye chache, na tofauti inapanda mguu huu na kushuka ule. Ng'ombe ndiye anayekufa wa kwanza, kwa sababu kati ya miguu yake ya mbele na ya nyuma kuna zaidi ya mita moja, na moyo uko katikati ya safari hiyo. Mfugaji akiona ng'ombe wameanguka mbele yake bila sababu asikimbilie kuwainua. Aondoke kwa hatua fupi za kuburuza, visigino havipishani. Hili lisemwe kwa Kimaasai na Kigogo pia, si kwa Kiswahili peke yake.

Na zimamoto. Naomba hapa usome taratibu. Kuzima umeme ni jambo moja, kuuhakikisha umekufa ni jambo jingine. Waya wa SGR ukishazimwa unaweza kubaki na umeme uliookotwa kutoka njia ya pili inayotembea sambamba, kama laini yetu mpya ya miaka ya tisini. Mpaka ufungwe kwa fito maalumu ya ardhi pande zote mbili za eneo la kazi, waya huo ni hai machoni pa fundi yeyote mwenye akili. Sasa fikiria ajali porini, behewa limeinama, watu wanalia ndani, wanakijiji wamefika kabla ya kila mtu kama kawaida yetu, na gari la zimamoto limefungua maji. Nani mwenye mamlaka ya kusema "sasa gusa"? Kwa jina gani, kwa simu gani, na anathibitisha vipi? Taratibu hizo ziandikwe na zifanyiwe mazoezi pamoja na zimamoto wa Kibaha, Morogoro, Kilosa na Dodoma. Mwanakijiji aambiwe jambo moja tu alishike: hakuna kukaribia chini ya waya mpaka mtu wa reli atamke kwamba umefungwa ardhi. Kusikia umeme "umekatwa" hakutoshi.

Kuhusu mawasiliano nitapita haraka, kwa kuwa TCRA wana wataalamu wao. Treni za SGR zinaongozwa kwa redio: dereva anapata kibali cha kusonga mbele kupitia mtandao wa simu wa reli, na kibali kisipofika treni inasimama yenyewe. Huo ni usalama, nausifu. Maana yake ni kwamba kelele za redio hazitagonganisha treni, zitaiacha porini tu na abiria wake. Basi zile busta za mtandao zinazouzwa kiholela, ambazo mtu anafunga juu ya bati lake ili apate intaneti, zikiwa karibu na njia zinaweza kupiga kelele kwenye masafa ya jirani na ya reli. Aliyeifunga hana habari. Tangazo moja la redio lingesaidia kuliko operesheni kumi.

Wenye mashine za kusaga nao wana lao. Reli hutumia fezi moja, ilhali mashine zao zina mota za fezi tatu, na fezi zikipishana mno mota inachemka. Kwetu TANESCO ilijenga laini ya kilovolti 220 kwa ajili ya reli, kutoka Kinyerezi kuelekea Kingolwira, na kadiri umeme unavyochukuliwa kwenye laini kubwa ndivyo usumbufu unavyokuwa mdogo kwa wateja wa chini. Kwa hiyo mota ikiungua Mikese si lazima iwe SGR. Lakini hapa tena: bila kipimo kilichobandikwa, SGR itabeba lawama za kila mota iliyochoka.

Limebaki la wizi, na hili linaniuma kwa sababu wezi wengine ni wanafunzi wetu. Tumesikia mara kadhaa watu wakikamatwa na nyaya za reli. Watu huhesabu hasara kwa shilingi na kwa dakika treni ilizochelewa. Mimi nahesabu tofauti. Waya wa shaba ulio mwepesi kukatwa ni ule ulio chini, na ule ulio chini ndio wa ardhi, unaounga nguzo na reli. Ukishaibwa, treni inaendelea kutembea, taa zinawaka, hakuna anayegundua. Ila sasa ile nguzo imekuwa yatima. Siku bundi akikunjua bawa juu yake, volti zinakosa njia ya kushukia na nguzo nzima inakuwa hai kwa muda, na aliyeegemea uzio ulioungwa nayo yuko mashakani. Mashirika ya reli ya nje, Uingereza ikiwemo, yamekuwa yakibadilisha shaba kwa aluminiamu, ambayo mnunuzi wa vyuma chakavu haifurahii sana. Nashauri na sisi tufanye hivyo kwa nyaya za chini, na ukaguzi wa waya wa ardhi ufanywe kwa mita badala ya kwa macho ya mtu aliye ndani ya kiberenge kinachotembea.

Nisije nikaonekana nazungumza kana kwamba Waswahili hatujawahi kuishi na waya huu. Ndugu zetu wa Katanga, Likasi na Tenke, wana reli ya umeme wa mizunguko 50 tangu miaka ya 1950, enzi ambazo nchi nyingi za Ulaya zilikuwa bado zinabishana kama jambo hilo linawezekana. Huko wapo mafundi waliorithishana kazi baba kwa mtoto, na wana Kiswahili chao cha vikombe na nyaya. Badala ya kila kijitabu cha usalama kutafsiriwa kutoka Kituruki au Kiingereza kwa maneno ambayo fundi hayajui, tungewaita wawili watatu wakaketi na wa kwetu Morogoro wiki mbili. Reli yenyewe inaelekea Kigoma na, kupitia Uvinza, Musongati nchini Burundi. Maneno ya tahadhari yanatakiwa yavuke mpaka yakiwa yale yale.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, mita yangu bado inafanya kazi. Ni ya zamani, ya mshale, lakini nimeilinganisha na mpya ya kijana wangu na hazijapishana hata volti moja. Mkiamua kuanza, anzeni na kipande cha Ngerengere hadi Morogoro, asubuhi, treni zikiwa nyingi, na shimo la waya wa ardhi lichimbwe msimu wa kiangazi, wakati udongo uko katika ubaya wake, ili kipimo kisitudanganye. Nitakuja kwa nauli yangu. Nitaomba tu niwekewe mtu mwenye kisu cha kukwangua kutu kwenye seng'enge, macho yangu siku hizi hayaoni vizuri vitu vya karibu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi umeme mstaafu,
Morogoro.